Mshale Uliosimama Juu ya Vilima

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumamosi, mshale mdogo wa kijani ulisimama juu ya vilima vya Machakos na haukusogea tena.

Naikumbuka dakika hiyo kwa sababu niliiandika. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu juu ya kaunta ya duka, na nilikuwa nimejipangia kuandika mahali ndege ilipo kila baada ya dakika mbili. Mstari wa saa nne na kumi na tano unasema: futi elfu nane na mia tano, mwendo wa kawaida, inaelekea mashariki. Mstari unaofuata una saa peke yake. Mbele ya saa hiyo hakuna kitu.

Upande wa pili wa kaunta alikuwa mwenye duka, binti wa mzee aliyekuwa ndani ya ndege ile. Alikuwa akikunja vitambaa vya dera, lakini jicho lake moja halikuondoka kwenye simu yangu, ambayo nilikuwa nimeiegemeza kwenye mkebe wa vifungo ili sote wawili tuone.

"Mbona imesimama?" aliuliza.

"Ni mtandao."

Aliacha kukunja. "Kaka, ulisema nini Jumatatu?"

Nilikumbuka nilichosema Jumatatu, na nilikumbuka vizuri zaidi alichosema yeye.

Lazima nieleze tulifikaje hapo. Tuko watu kumi na mmoja katika kundi letu, wote wa mitaa ya Eastlands, na kinachotuunganisha ni ndege. Hakuna rubani hata mmoja kati yetu. Mimi ni karani wa bohari katika eneo la viwanda. Kuna dereva wa lori anayeishi Lucky Summer, kuna mchongaji wa vinyago kutoka Ukambani ambaye siku hizi huchonga ndege zaidi kuliko anavyochonga twiga, na wengine wa kazi za namna hiyo. Tulichojua tulikisoma wenyewe, katika majarida ya zamani yanayouzwa kwa kilo na baadaye kwenye simu. Nikiwa na umri wa miaka ishirini niliweza kutaja aina ya ndege kwa kuona mkia tu. Sasa nina hamsini na moja, na kwenye kabati langu Tassia mna madaftari thelathini na manane ya ndege nilizoziona kutoka juu ya paa.

Watu huniuliza uzuri wa ndege uko wapi. Jibu langu hubadilika. Ipo ndege ya mizigo inayofungua pua yake juu kama kiboko anayepiga miayo, na mara ya kwanza nilipoiona nilisahau kushuka kwenye matatu nilipofika kazini. Zipo mpya zenye mbawa ndefu zinazojikunja juu kidogo zinapopaa, na hizo nazipenda kwa sababu unaweza kuuona uzito ukihama kutoka magurudumu kwenda kwenye mbawa. Lakini iliyotukusanya sisi kumi na mmoja ilikuwa Dakota moja ya zamani, iliyoundwa wakati wa vita vikuu vya pili, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiondoka katika uwanja mdogo wa upande wa Lang'ata.

Ikiwa chini hukalia mkia, pua juu, kama mtu kwenye benchi la hospitali anayesubiri jina lake liitwe. Ukingo wa mbele wa mbawa umelala nyuma, ule wa nyuma umenyooka karibu kama rula. Mwili wake ni bati la rangi ya fedha na misumari midogo ya kubana, maelfu kwa maelfu, iliyopigwa kwa mkono mmoja mmoja. Iliwahi kubeba askari, halafu barua, halafu dawa, miraa, mbuzi, mahindi ya msaada kule kaskazini. Injini zake ni mbili, kila moja na silinda kumi na nne zilizopangwa mduara mmoja nyuma ya mwingine. Zikizunguka pamoja hutoa mawimbi ya sauti, juu, chini, juu, chini, polepole kama mtu anayepumua usingizini.

Hayo ya mawimbi nilifundishwa na mzee.

Mzee ni mkazi wa Ziwani, amezaliwa Nairobi, Mwislamu wa sala tano. Alikuwa fundi wa injini za Dakota ile kwa miaka thelathini na moja, hadi alipostaafu. Alijiunga nasi baada ya kumkuta dereva wetu akibishana na watu kwenye kibanda cha chai kuhusu idadi ya silinda. "Kumi na nne," alisema mzee, "na nimezifungua zote. Unataka majina yao?" Tangu siku hiyo alikuwa mwalimu wetu. Alitufundisha kusikiliza. Mawimbi yakiwa ya haraka, injini hazilingani. Mawimbi yasipokuwepo kabisa, injini ni moja.

Lakini mzee hakuwa amewahi kupanda Dakota hiyo. Miaka thelathini na moja, hata mara moja. "Fundi hubaki chini," alituambia. "Ikiondoka naosha mikono. Ikirudi naivua injini koti lake la bati." Alisema hivyo bila uchungu, na ndiyo sababu jambo hilo lilituuma sisi.

Kisha tukasikia kwamba mwenye ndege, ambaye pia ndiye nahodha wake, anaiacha. Ingeruka mara moja ya mwisho, dakika hamsini, mpaka vilima vya Machakos na Yatta halafu kurudi kwa kupitia juu ya Eastlands, kisha ingesimamishwa kwenye uwanja wa makumbusho binafsi. Tuliomba kiti kimoja. Nahodha alikubali kwa sharti tuchangie mafuta, shilingi elfu kumi na mbili. Tulizipata kwa wiki nne.

Kilichobaki kilikuwa binti yake. Mkewe alishafariki, na binti ndiye anayemtunza. Nilitumwa mimi kwa kuwa nasemekana kuwa mtu wa hesabu. Jumatatu nilikwenda dukani kwake, pembeni mwa Ziwani, anakouza vitambaa jumla na rejareja.

"Ndege imemzidi baba umri," aliniambia. "Baba mwenyewe ana presha. Nyinyi hamna wazazi wenu wa kuwarusha?"

Nilimweleza mambo ya usalama kwa mpangilio, kuanzia ukaguzi hadi hali ya hewa. Hayakumgusa. Kilichomgusa ni pale nilipomweleza kuhusu antena.

Kila ndege, nilimwambia, hutangaza kwa redio mahali ilipo, kila sekunde. Antena ndogo inaweza kuyasikia matangazo hayo na kuyaweka kwenye ramani. Sisi tunazo mbili: moja iko juu ya nyumba ya dereva wetu, Lucky Summer, na nyingine iko juu ya ghorofa ninaloishi Tassia, karibu na matangi ya maji. Hiyo ya Tassia niliitengeneza mwenyewe kwa waya wa shaba na bomba la plastiki. Waya wake unaingia kwa dirisha langu hadi kwenye kompyuta ndogo kando ya runinga. Ramani yetu mtu yeyote katika kundi anaweza kuitazama kwa simu.

"Kwa hiyo nitamwona?" aliuliza.

"Nitakuja nikae nawe hapa. Utamwona kila dakika."

"Kila dakika?"

"Kila dakika, dada."

"Sawa. Lakini ukinipotezea baba, usiniletee habari za mtandao."

Ijumaa jioni nilikagua kila kitu. Nilikaza waya juu ya paa. Niliweka karatasi kwenye soketi ya kompyuta: Usichomoe. Niliangalia mita ya stima, ilikuwa na yuniti mbili nukta nne. Nilipiga hesabu ya friji, kompyuta, runinga na balbu tatu, nikaona tokeni za stima tulizolipia zitatufikisha Jumapili adhuhuri. Mshahara ulikuwa unaingia Jumatatu. Sikununua nyingine.

Jumamosi ndege ilipaa saa nne kasoro dakika tano. Mshale ulipotokea kwenye simu, binti alisema "Bismillahi" na kuweka mkono kifuani. Juu ya kaunta alikuwa na Dakota ndogo ya mti wa jakaranda, zawadi ya mchongaji wetu kwa mzee, na kila mshale ulipogeuka yeye aliigeuza ile ya mti kuelekea upande huohuo. Alianza hata kufurahia. Aliniuliza kwa nini inaenda polepole. Nilimwonyesha jinsi ya kukuza ramani mpaka mshale ukajaa kioo na yeye akaona kila kona ya barabara chini yake. Ramani ilibaki hivyo, imekuzwa kabisa, mshale mmoja na vilima.

Hapo ndipo uliposimama.

Kwa kawaida mshale ukikosa habari husimama dakika mbili, kisha hufutika. Hilo nilikuwa nalijua. Nilijua pia kwamba ndege iliyo nyuma ya kilima inaweza kukosekana kwa muda. Lakini futi elfu nane na mia tano ni juu kuliko vilima vile. Kama ilikuwa nyuma ya kilima, basi ilikuwa imeshuka.

Saa nne na kumi na tisa mshale ulifutika.

"Iko wapi?"

"Subiri kidogo."

"Kaka, baba yuko wapi?"

Nilipiga simu ya mzee, nikijua ilikuwa imezimwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwagiza aizime. Nilipiga nambari ya ofisi ya nahodha, ikalia hadi ikakatika. Nilifungua ramani upya, nikaikuza palepale, vilima vilevile. Hapakuwa na kitu. Nilijaribu tena. Nafikiri nilifanya hivyo mara tano au sita, na kila mara nilirudi mahali pamoja, kama mtu anayefungua mfuko uleule akitafuta funguo.

Mwenye duka la jirani, mama wa makamo anayeuza viatu, alichungulia mlangoni. "Kwani kuna nini? Naona mmekauka."

"Baba," alisema binti. Alikuwa tayari anavaa viatu.

"Dada, ngoja, bado hatujui..."

"Wewe ndiye hujui. Uliniambia kila dakika." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kaa na duka. Usiuze kitu, hujui bei."

Alipata teksi ya kwenda uwanjani Lang'ata mbele ya duka. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tatu. Nilibaki nyuma ya kaunta ya mtu mwingine na ndege ya mti iliyoelekea mashariki.

Sijui kama msomaji amewahi kuwa na ujuzi usiomsaidia. Nilijua kila kitu kuhusu Dakota. Nilijua kwamba inaweza kuruka kwa injini moja, kwamba inaweza kutua shambani na kusimama, kwamba uimara wake ni hadithi inayosimuliwa katika kila bara. Nilijua pia orodha nyingine, ndefu, ya zile ambazo hazikurudi. Akili yangu ilichagua orodha ya pili na kuisoma kwa sauti. Nilijiona nikimweleza binti yule kwa mpangilio, kuanzia ukaguzi hadi hali ya hewa.

Saa nne na ishirini na saba simu yangu ililia. Alikuwa dereva wa Lucky Summer, akiwa barabarani na lori lake, amesimama mahali kunywa chai.

"Niaje, Karani! Mzae amefika wapi? Nacheki ramani naona ni zii, hakuna kitu."

"Imepotea juu ya Machakos. Dakika kumi sasa."

"Hiyo ya mzae pekee?"

"Unauliza nini?"

"Nauliza, buda, kwa sababu mimi hapa siioni yoyote. Hata ya mizigo ya asubuhi haiko. Hata zile za Mombasa. Yaani Kenya mzima imetua?"

Sikuelewa mara moja. Kisha niliishika simu na kuirudisha ramani nyuma. Vilima vikawa vidogo, Machakos ikawa doa, Nairobi ikaingia, halafu nchi yote. Ilikuwa Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, na juu ya nchi yote hapakuwa na ndege hata moja.

"Umezoom sana, Karani," alisema dereva. "Rudi nyuma uone watu wengine."

"Antena yako?"

"Yangu iko chini tangu Alhamisi, si niliwaandikia? Landilodi anapaka rangi. Tumebaki na yako."

Alikuwa ameandika kweli. Ujumbe wake ulikuwa pale, kati ya picha mbili za Dakota ambazo nilikuwa nimezitazama kwa makini sana.

Madaftari thelathini na manane, na sikuwahi kujiuliza swali hilo la kwanza la dereva, kama ni hiyo pekee. Kwa nusu saa nilikuwa nimeitazama ndege moja tu. Kama ningeinua macho kidogo, ningeona ndege zote zikisimama dakika ileile, na mtu yeyote angejua kwamba ndege zote haziwezi kuanguka pamoja. Kilichoanguka kilikuwa juu ya paa langu mwenyewe.

Nilimpigia mke wangu.

"Stima iko?"

"Imepotea."

"Tangu saa ngapi?"

"Mimi nitajua saa ngapi? Nimeshika pasi, sijashika saa."

"Pasi ya nini?"

"Majoho ya kwaya, Baba. Kesho si ni zamu yetu? Yalikuwa ishirini na matatu, nimebaki na sita. Nangoja irudi."

Kwetu Tassia stima hupotea na kurudi, hakuna anayeshangaa. Nilimwomba aangalie mita. Alirudi akasema inaonyesha sufuri. Pasi haikuwa katika hesabu yangu ya Ijumaa. Kwa miaka ishirini na minne ya ndoa nimeishi na majoho ya kwaya, na bado hayakuwa katika hesabu.

Nilinunua tokeni ya shilingi mia moja kwa simu. Nilimsomea tarakimu ishirini, nne nne, haraka haraka. Mita ikakataa.

"Umesema nane nane au nane tatu?"

"Nane tatu."

"Sasa mbona unasoma kama unakimbizwa?"

Lakini hata wakati akiingiza tena, jambo moja lilikuwa limeanza kunisumbua upya. Nilikuwa nimepata sababu ya mshale kutoweka, na kwa dakika tatu nilikuwa nimejiona mjinga mwenye furaha. Ila sababu hiyo haikusema lolote kuhusu ndege. Antena iliyokufa haisemi kwamba ndege iko salama. Inasema tu kwamba hujui. Nilikuwa nimerudi mahali pa mtu yeyote mwingine katika jiji ambaye hana antena.

Nilimpigia binti tena na tena, hakupokea. Nilichukua darubini niliyokuja nayo nikatoka nje, nikasimama mlangoni ili nisiliache duka.

Saa nne na dakika thelathini na tatu niliisikia.

Ilikuwa inatoka upande wa mashariki, na kwa sekunde chache nilifunga macho kwa shukrani. Halafu nikayafumbua, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ilikuwa mapema. Kwa ratiba ilipaswa kupita juu yetu saa tano kasoro dakika ishirini, na nahodha yule hakuwa mtu wa kufupisha safari yake ya mwisho. Ya pili, hakukuwa na mawimbi. Ilikuwa sauti moja, iliyonyooka, nzito, isiyopanda wala kushuka.

Niliitafuta kwa darubini. Ilitokeza juu ya mapaa ya mabati, rangi ya fedha, chini kuliko nilivyotarajia, nzuri kuliko nilivyoweza kustahimili. Pangaboi la kulia lilikuwa ukungu tu, linazunguka. Pangaboi la kushoto nililiona vizuri sana. Niliweza kuhesabu panga zake tatu. Zilikuwa zimesimama, zimegeuzwa ubavu kuupa upepo nafasi.

Watu walisimama kutazama. Mwuza mayai aliweka beseni lake chini. "Hiyo nayo inaunguruma kama posho mill ya kusagia unga," alisema. "Wazee wanaipeleka kliniki?" Watu walicheka. Mama wa viatu alipunga mkono.

Simu ililia. Alikuwa binti, ndani ya teksi, kelele za barabara nyuma yake.

"Umenipigia mara saba. Niambie tu."

"Ilikuwa antena yangu. Stima ilikwisha nyumbani. Ndege naiona sasa hivi, inapita juu ya duka lako."

Nilisikia akivuta pumzi. "Iko sawa?"

Mimi ni mtu wa kuandika kila ninachokiona. Sijawahi kuruka mstari.

"Inaruka," nilisema.

"Alhamdulillahi," alisema, akaanza kulia, akakata simu.

Niliitazama mpaka ikapotea nyuma ya majengo marefu ya mjini, ikielekea kule uwanjani. Nilisimama nikiwa nimeelekeza sikio, kana kwamba kutoka Ziwani ningesikia magurudumu yakigusa lami. Mkononi mwangu simu ilitoa mlio: antena ya Tassia ilikuwa imefufuka. Ndege zilirudi kwenye ramani moja baada ya nyingine, ya mizigo, za Mombasa, kumi na mbili kwa jumla. Dakota haikuwemo. Ilikuwa tayari iko chini sana kiasi cha kutosikika, au ilikuwa imetua, au lile la tatu. Nilirudi kwenye daftari nikaandika: saa nne na thelathini na nne, juu ya Ziwani, injini ya kushoto imesimama. Kisha nilikaa kwenye kigoda cha duka, na mteja wa jumla alipokuja kuuliza bei ya vitambaa vya maua nilimjibu kwamba sijui, na alipouliza mwenye duka atarudi saa ngapi nilimjibu kwamba hilo pia silijui.

Dakika ishirini na tatu zilipita. Sijawahi kukaa dakika ndefu zaidi ya hizo.

Kisha ukaja ujumbe wa maneno mawili kutoka kwa binti: Nimemwona.

Walirudi dukani karibu na saa sita. Mzee aliingia wa kwanza, kofia imekaa upande, mkono wa shati umelowa mafuta meusi, akinuka kama gereji. Sikuwahi kumwona akiwa na uso kama ule.

"Karani! Umesikia?" alisema kabla ya salamu.

"Nimesikia, mzee. Sauti moja."

"Sasa sikiliza. Watu wote dirishani wanapiga picha, mimi nimekaa na mgongo kwenye bati. Tumefika vilimani, nasikia kushoto inakohoa. Kikohozi kidogo, cha mtoto. Nikaenda nikamgusa nahodha bega. Akasema, geji iko sawa, mzee, kaa ufurahie. Nikamwambia, mimi ndio nafurahia hivi. Wewe ngoja. Akangoja. Presha ya mafuta ikaanza kushuka mbele ya macho yake." Alipiga kaunta kwa kiganja. "Akaizima mapema, tukageuza. Angengoja geji peke yake, ingejivunja. Injini ile naijua. Miaka thelathini na moja ilikuwa ikinidanganya nikiwa chini. Leo imejaribu kunidanganya nikiwa ndani."

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, mtandio umelegea. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anasoma daftari lililokuwa wazi juu ya kaunta, kidole chake kwenye mstari wa saa nne na thelathini na nne.

"Uliiona," alisema. "Uliiona injini imesimama, na uliniambia inaruka."

"Ilikuwa inaruka, dada."

"Umeliandikia daftari. Mimi hukuniambia."

Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mwache," alimwambia bintiye. "Ungeambiwa ungefanyaje, ungeisukuma teksi?"

"Baba, wewe nyamaza kidogo. Na bado hujameza dawa." Alinyoosha mkono kwangu. "Nipe kalamu."

Aliinama akaandika chini ya mstari wangu, kwa mwandiko wa haraka wa mtu wa risiti. Mstari huo bado uko katika daftari la thelathini na tisa, ndio pekee usio wa mkono wangu: Saa tano kasoro dakika tatu. Baba ameshuka. Anatembea mwenyewe. Kisha aliigeuza Dakota ya mti, akaielekeza mlangoni, na kwenda kumtafutia mzee maji.

Jumatatu iliyofuata nahodha alimpigia mzee. Alimwambia injini ilikuwa na silinda moja iliyopasuka, kwamba ndege ingekwenda makumbusho kwa barabara, na kwamba pesa zetu anazirudisha zote, kwa kuwa fundi akiwa kazini hatozwi nauli. Kundi lilijadiliana jioni mbili. Mzee alikataa kuzigusa. Dereva alipendekeza zinunuliwe pasi za mkaa kwa mke wa Karani, na wote tisa wengine waliunga mkono mpaka nikalazimika kuzima simu. Mwishowe tulimrudishia binti nauli ya teksi, kwenda na kurudi, shilingi elfu moja na mia nne, na tukanunua betri ya akiba ya antena ya Tassia, elfu nne na mia sita. Iko kando ya runinga sasa, na juu yake ile karatasi ya Usichomoe. Katika zile elfu kumi na mbili tuliokoa shilingi elfu sita.